Sura ya Saba: Vidoti vya Bwana Gharib

Karatasi ilikuwa moja, na juu yake majina kumi. Mbodze Gunga aliitoa kwenye bahasha, akayahesabu mara ya mwisho na kuiweka juu ya meza ya Bi Mahfudha, karibu na dirisha.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Korti ya Kadhi imemruhusu wakili wako akae nayo hadi kesho. Uliyoonyeshwa mwanzo ilikuwa picha ya simu."

"Picha gani ile! Ukungu mtupu." Bi Mahfudha alivaa miwani iliyokuwa ikining'inia shingoni kwa uzi. "Haya, ndoo mwanangu, kaa. Usinisimamie kama mtu wa forodha."

Mbodze aliketi. Alikuwa ametumikia upelelezi wa polisi miaka kumi na mmoja, na huu ulikuwa mwaka wa sita akijitegemea, akichunguza nyaraka kwa ajili ya mawakili wa Mombasa: sahihi, mihuri, karatasi, na siku hizi zaidi faili za kompyuta. Kesi hii alikuwa ameipokea Jumatatu. Leo ilikuwa Alhamisi. Jumatatu ijayo Kadhi angeisikiliza.

Mambo yenyewe yalikuwa machache. Nyumba hii ya Kibokoni ilikuwa wakfu. Hati yake ilisema kwamba haki ya kuishi humo ni ya kila aliyeandikwa kwenye orodha na msimamizi, na kwamba msimamizi anayefuata aweza kuongeza jina lakini hawezi kutoa lililoandikwa na aliyemtangulia. Kwa miaka thelathini msimamizi alikuwa Bwana Gharib, mpiga chapa. Alifariki Desemba 2017. Mwanawe, Riyadh, alichukua nafasi yake, na sasa alikuwa amepeleka kortini karatasi ya Machi 2017 isiyokuwa na jina la Mahfudha. Kama karatasi ilikuwa ya kweli, Bwana Gharib mwenyewe ndiye aliyemtoa miezi tisa kabla ya kufa. Bi Mahfudha, aliyeingia nyumba hii akiwa na umri wa miaka tisa na sasa ana sitini na mmoja, angelazimika kuhama.

"Soma polepole," Mbodze alisema. "Usisome majina peke yake. Tazama kila kitu."

Bi Mahfudha alishuka na kidole. Kila jina lilikuwa kwa wino mweusi, na mbele ya kila jina palikuwa na alama ndogo ya kijani. Mbele ya majina sita alama ilikuwa kidoti kilichojaa. Mbele ya manne, duara tupu. Kidole kilifika jina la saba kikasimama.

"Hapa pana kosa."

"Kosa gani?"

"Mahira." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. "Mkewe Ami Gharib. Amewekewa duara."

"Duara lina maana gani?"

"Kwani hukuambiwa? Kidoti kilichojaa ni mtu aliye hai. Akifa, Ami hakulitoa jina lake. Alibadilisha alama tu, akaitoboa ndani. Akisema, jina likishapigwa chapa halitolewi, lakini mtu hutoka, basi alama iseme." Alicheka kidogo. "Mwenyewe hakujiandika. Mpiga chapa, akisema, hatii jina lake kwenye kazi yake."

"Bi Mahira alifariki lini?"

"Elfu mbili na kumi na tisa, mwezi wa Rajabu. Mwaka wa karatasi hii alikuwa mzima, yuwanigombeza kwa chumvi."

Mbodze aliandika. "Nani mwingine aijua maana ya alama hizi?"

"Zamani tulikuwa tukikaa hapa hapa, meza hii hii. Ami, Mahira na mimi. Alipoanza kuharibika mato, Aida akawa yuwamsomea majina."

"Aida ni nani?"

"Bintiye mdogo. Yuko juu. Ndiye niliyemlea, yule." Bi Mahfudha alielekeza kidevu ukutani, penye fremu iliyopigiliwa juu ya ngazi. Ndani yake kulikuwa na cheti cha miezi mitatu, kozi ya kutengeneza tovuti, cha mwaka uliopita. "Mwenyewe aliona haya kukitundika. Nikakipigilia mimi."

Hatua zilisikika ngazini. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa hivi alishuka akiwa na mkoba begani, akamwamkia Mbodze vizuri, akamuuliza Bi Mahfudha kama anataka kitu sokoni.

"Ndimu. Na usichelewe."

Aida aliitazama karatasi iliyokuwa mezani, akatoka.

*

Duka la Riyadh lilikuwa Ndia Kuu, chumba kirefu kilichojaa sinia za shaba, masanduku ya njumu na vinyago vilivyotoka bara. Jengo hilo hilo, Mbodze alijua kutoka kwenye faili, ndilo lililokuwa na kiwanda cha chapa ambako Bwana Gharib alifanya kazi miaka ishirini na saba, akipanga kadi za harusi herufi moja moja za risasi. Mashine zilikuwa zimeondoka zamani. Zilibaki alama nne za miguu yake sakafuni, na Riyadh alikuwa ameweka meza yake hapo katikati.

"Kahawa, Bi Mbodze?"

"Ahsante, nimekunywa. Nina maswali kumi."

"Uliza ishirini. Mimi sina cha kuficha." Alikuwa mtu wa miaka arubaini na nne, kanzu safi, sauti ya chini. "Na uniandikie hivi: simchukii Da Mahfudha. Nyumba inaanguka. Nikiweka wageni wa kulala, paa litatengenezwa. Baba aliliona hilo mapema, akapunguza watu."

"Alikwambia?"

"Aliandika. Karatasi unayo."

"Umeapa kwamba karatasi hii ilichapwa tarehe kumi na nne Machi 2017, kwenye saiba ya Elvis Tsofa, Makadara."

"Tarehe iko chini ya karatasi. Mashine ndiyo iliyoiandika, si mimi. Baba alichapa orodha kwa Elvis kila mwaka, wote wanajua."

"Na umeapa kwamba ilitoka kwenye faili iliyo kwenye flashi uliyoipeleka kortini."

"Ndiyo."

"Na kwamba faili hiyo haikuguswa na mtu tangu siku hiyo."

"Ndiyo. Mara tatu sasa."

"Flashi ilikuwa wapi?"

"Kabatini mwa baba, juu."

"Ni wewe uliyeitoa?"

Riyadh alisogeza kikombe chake. "Aida aliitoa. Akanipa. Kuna tofauti gani?"

"Huenda hakuna. Hizi alama za kijani, kwa nini nyingine zimejaa na nyingine tupu?"

"Mapambo. Mzee alikuwa mpiga chapa. Hakuweza kuandika hata orodha ya samaki bila ua pembeni."

Mbodze aliandika neno hilo, mapambo, akalipigia mstari. Kisha akamweleza maana ya duara, na kwamba mamake alikuwa hai Machi 2017.

"Basi alikosea," Riyadh alisema. "Mwaka ule alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Nina barua ya daktari, wakili wangu ataitoa."

"Itoe. Nitaihitaji."

"Utaihitaji kwa nini? Inanisaidia mimi."

"Ndiyo maana naihitaji," Mbodze alisema.

Nje, alisimama chini ya kibaraza cha duka la jirani na kumpigia wakili simu. Duara la Bi Mahira halitoshi, alisema. Mzee asiyeona vizuri aweza kukosea alama, na Kadhi atalikubali hilo. Anataka kitu ambacho hakiwezi kukosea kwa sababu ya macho.

*

Saiba ya Elvis ilikuwa imekufa mwaka 2020. Kibao chake kilikuwa bado juu ya mlango, rangi imebabuka, na bei ya dakika moja ingali yasomeka. Ndani kulikuwa na makava ya simu, chaja, na printa tatu zilizofunguliwa matumbo. Elvis mwenyewe, mtu mnene wa Kaloleni mwenye kicheko cha haraka, aliwahi kuwa na mashine kumi na mbili na foleni hadi barabarani.

"Mbodze wa Gunga!" alisema. "Nikiona watu wa sheria nafunga duka. Lakini wewe ni wa kwetu, pita."

"Nimeambiwa umebakisha mashine moja."

"Namba nne. Wenzake niliwauza kwa kilo." Alivuta shuka lililofunika meza ya pembeni. Chini yake palikuwa na kompyuta ya kijivu, skrini yake nene nyuma kama sanduku. "Hii ilikuwa ya mzee. Alikuwa akija na kitambaa chake, afute kibodi kabla hajakaa. Akisema hili ni sanduku la herufi lililotiwa umeme, nalo lataka usafi."

"Inaunganishwa na mtandao?"

"Tangu lini! Radi ya masika ya 2017 iliunguza pale waya unapoingia. Nikaiacha iwe ya kuandikia barua na kuchapa tu."

"Masika. Mwezi gani?"

"Aprili. Pasaka ilikuwa imepita."

Mbodze aliomba iwashwe. Ilichukua dakika nne. Saa ya mashine ilisema ni mwaka 2009; betri yake ndogo ilikuwa imekufa. Elvis aliomba radhi.

"Saa haina kazi kwangu," Mbodze alisema. "Saa hurudishwa nyuma na mtu yeyote. Nataka kivinjari." Alifungua Chrome, akaingia kwenye ukurasa unaoonyesha toleo lake. Lilikuwa toleo la hamsini na saba, lililotolewa Machi 2017. Kurasa za mwisho kutembelewa zilikuwa za tarehe ishirini na mbili Aprili mwaka huo. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Mashine ilikuwa imebaki pale ilipoachwa.

Aliweka simu yake juu ya kijiti cha kamera, ikaanza kurekodi. Alitaja tarehe, mahali, na jina la shahidi. Elvis alivuta shati lake likakaa vizuri.

"Niseme kitu?"

"Usiseme kitu."

Alichomeka nakala ya flashi ya Riyadh, akaifungua faili kwenye kivinjari, kwani orodha iliandikwa kama ukurasa wa tovuti. Majina kumi yalijipanga kwenye skrini, meusi. Mbele yake vidoti sita vilivyojaa na maduara manne.

Vyote vilikuwa vyeusi.

Elvis aliinama. "Ala! Kijani kiko wapi?"

Mbodze alifungua faili ile ile kwenye laptopu yake mwenyewe, ya mwaka huu, akaiweka kando ya ile nzee. Huko vidoti vilikuwa kijani, sawasawa na karatasi. Alirudia mara tatu, akizima na kuwasha. Namba nne ilitoa nyeusi mara tatu.

"Una faili yoyote ya Bwana Gharib mwenyewe?" aliuliza.

"Nitakosaje? Hata ya kadi ya harusi ya mpwa wangu ninayo." Elvis alifungua folda, akaonyesha kwa kidole. Ilikuwa ya Januari 2016. Ilifunguka na majina kumi na moja. La tisa lilikuwa Mahfudha, na kidoti chake kimejaa. Bi Mahira, la saba, kidoti chake kimejaa pia. Na vidoti vyote, kwenye mashine ile nzee iliyokuwa imetoa vyeusi dakika moja kabla, vilikuwa kijani. Mbodze alinakili faili hiyo na kuifungua kwenye laptopu yake. Kijani tena.

"Sasa nieleze," Elvis alisema. "Mimi ni fundi, lakini nieleze."

Mbodze alifungua msimbo wa faili zote mbili, yale maandishi ya ndani yanayokiamuru kivinjari, mmoja hapa na mwingine pale.

"Zamani kivinjari hakikuwa na njia ya kukipa kidoti rangi yake chenyewe. Kidoti kilifuata rangi ya mstari wake. Ukitaka kidoti kijani na jina jeusi, unafanya alivyofanya mzee. Tazama. Mstari mzima ameupaka kijani, kisha kila jina amelivika nguo ya pili, nyeusi. Kidoti kikabaki na kijani. Majina kumi na moja, nguo kumi na moja."

"Alizivika kwa mkono," Elvis alisema. "Moja moja. Nilimwambia mzee, acha tu ziwe nyeusi, nani atatazama? Akanijibu, Elvis, anayetazama ni yule ambaye jina lake limo."

"Na huku, kwenye faili ya Riyadh, majina hayana nguo ya pili. Kuna mstari mmoja tu juu, wenye neno marker, unaosema alama za orodha ziwe kijani. Basi. Mstari mmoja."

Elvis aliutazama mstari huo. Kicheko kilikuwa kimemtoka.

"Ndio huu," alisema. "Ndio huu aliokuwa akiuulizia. Kila mwaka akija kuchapa, kabla ya salamu: Elvis, bado hawajauleta? Alisoma mahali kwamba wakubwa wa mtandao walikuwa wameuandika kwenye mipango yao zamani, lakini vivinjari havijaufuata. Namwambia bado, mzee. Anasema, haya, tuvike nguo."

"Safari waliuleta Machi 2018. Firefox Julai 2019. Chrome Oktoba 2020. Nimezisoma kumbukumbu zao kwenye simu, njiani nikija. Machi 2017 hakukuwa na kivinjari hata kimoja mikononi mwa watu ambacho kingeufuata."

"Huenda aliuandika mapema, kwa matumaini."

"Nililifikiria hilo. Kama angeuandika mapema, karatasi ingetoka na vidoti vyeusi. Umeona mwenyewe. Karatasi yao ina kijani. Riyadh ameapa kwamba karatasi ilitoka kwenye faili hii, siku hiyo, kwenye saiba hii. Haiwezekani. Faili hii na karatasi hii zimekutana baada ya mzee kufa." Alizima kamera. "Utakuja Jumatatu useme ulichoona?"

"Nitakuja na namba nne mwenyewe, nimeibeba begani."

"Mzee alipokuja hapa, nani aliyekuwa akifuatana naye kumsomea?"

"Mwishoni? Bintiye. Aida. Alikuwa akikaa hapo, anasoma jina, baba anauliza: kimejaa au kitupu? Naye anajibu."

Mbodze alifungua daftari lake. Aliyemwekea Bi Mahira duara aliijua maana yake, na walioijua walikuwa wanne. Bwana Gharib amekufa. Bi Mahira amekufa. Bi Mahfudha hawezi kujitoa mwenyewe. Riyadh hakuwamo; aliziita mapambo. Alibaki mmoja. Alifunga daftari.

*

Ilikuwa saa kumi na moja alipopiga hodi tena Kibokoni. Wanafunzi wa Bi Mahfudha, wasichana wanane, walikuwa wakitoka na misahafu yao kifuani. Aida alikuwa mezani akikata ndimu.

"Kaeni nyote wawili," Mbodze alisema. "Nitasema mara moja tu."

Alisema. Alionyesha video, bila maelezo mengi: skrini nzee, vidoti vyeusi; skrini mpya, vidoti kijani. Bi Mahfudha alitazama bila kuelewa kila kitu. Aida alielewa, akaweka kisu chini.

"Kwenye kozi walitufundisha hivyo," alisema. "Mstari mmoja."

"Hawakukwambia ulianza lini."

"Mwalimu alifundisha kama kitu kilichokuwapo siku zote. Yeye mwenyewe ni wa juzi." Alifuta mikono. "Nililinganisha na karatasi za baba. Nilizitoa juani nikazitazama. Kijani kilikuwa sawa."

"Kijani ni sawa. Hilo nitaliandika."

"Sikuwa nazo faili zake. Nilikuwa na karatasi tu, basi nikaandika upya. Tarehe niliirudisha kwenye laptopu yangu."

"Riyadh anajua?"

"Riyadh alisema angepata karatasi isiyo na Da Mahfudha, mambo yangeisha. Hakuniambia niiandike. Nilipomletea hakuniuliza imetoka wapi." Alimtazama Mbodze, si mwanamke aliyekaa kando yake. "Aliniahidi ghorofa hii ya juu iwe yangu, paa likitengenezwa. Mvua ya mwaka jana ilinyesha kitandani mwangu."

Mikono ya Bi Mahfudha ilikuwa imelala mezani, mmoja kila upande wa ubao wa ndimu.

"Nina swali moja la mwisho," Mbodze alisema. "Ulijua Machi 2017 mamako alikuwa hai. Faili ya mwaka mmoja nyuma ina kidoti chake kimejaa. Ungekiacha hivyo, nisingekwenda kwa Elvis. Bi Mahfudha asingeona kitu, nami ningeandika kwamba karatasi haina dosari. Kwa nini duara?"

Jirani alikuwa akimwita mtu dirishani, mara mbili, akaacha.

"Nilikijaza kwanza," Aida alisema. "Nikakitazama. Nikatoka, nikarudi, nikakitazama tena. Kila nilipofika jina lile ulimi wenyewe ulisema Mungu amrehemu." Alivuta pumzi. "Ningemwandikaje hai mamangu, na nimemwosha kwa mikono yangu?"

"Kwa mikono yetu," Bi Mahfudha alisema.

Aida aligeuka.

"Ulikuwa wamsugua miguu, walia, sabuni ikakuponyoka," Bi Mahfudha alisema. "Nani aliyekuwa akitia maji?"

Aida alifunika uso.

Mbodze alitoa karatasi za maelezo na kalamu. Alimweleza Aida haki zake, moja baada ya nyingine, na kwamba anaweza kumwita wakili kabla ya kuandika. Aida alitikisa kichwa, akavuta karatasi. Aliandika kurasa mbili kwa mwandiko mdogo uliosimama wima. Bi Mahfudha aliamka, akarudi na kahawa, akaweka kikombe kimoja mbele ya kila mtu, na cha Aida akakitia sukari mwenyewe.

"Kunywa kabla haijapoa," alimwambia. "Mambo ya Riyadh nitayasema mimi na Riyadh. Na mvua ikinyesha hamia kwangu chini, kwani wewe mgeni?"

Aida alitia sahihi saa kumi na mbili kasorobo. Mbodze aliandika saa hiyo pembeni, naye akatia yake. Alipokuwa akiyatia maelezo kwenye bahasha, Bi Mahfudha aligonga laptopu kwa kidole.

"Huo mstari mmoja. Ambao Ami alikuwa akiungoja. Waweza kunionyesha?"

"Si kwenye kielelezo cha korti," Mbodze alisema. Alifikiri kidogo. "Naweza kufungua nakala. Haina uzito wowote kisheria."

"Siitaki kwa sheria."

Mbodze alifungua nakala na kuisukuma laptopu katikati ya meza, mbele ya Aida. Aida alikausha vidole vyake kwa kanga. Aliteremka hadi jina la saba, akaliacha na duara lake. Akashuka hadi kati ya la nane na la tisa kwa uangalifu, akahesabu kwa midomo, akafungua nafasi na kuandika jina moja tu: Mahfudha. Hakulivika kitu.

Kidoti kilitokea chenyewe, kijani, mbele ya jina.

Bi Mahfudha alisogeza miwani, akainama hadi pua ikakaribia kioo. Alikitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua kadi ya harusi kabla haijaenda kupigwa chapa.

"Kimejaa," alisema.